Anayebaki Nje ya Safu

Kaloleni, Nairobi
9 Machi 1997

Mwanangu Kweyu,

Salamu kutoka kwa senge wako, shangazi unayemwandikia kwa nadra. Mimi ni mzima, ila nimechoka, na siku hizi uchovu siuhesabu tena kama ugonjwa. Tangu wakuhamishie Garissa mwezi wa kwanza nimepata barua yako moja tu, nayo nusu yake ilikuwa habari za joto. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kibukusu chako nilikilea mwenyewe hapa Kaloleni na ninajua kilivyo. Kaka yangu angekuwa hai, angenilaumu mimi na si wewe mwanawe.

Sasa sikiliza. Wewe ni mwalimu wa hesabu, na mimi nina hesabu inayonikosesha raha.

Unaijua kwaya yetu ya akina mama pale kanisani. Mwaka huu tumepata kiongozi mpya, kijana Mkamba anaitwa Mutie, amesomea muziki. Ana adabu, ila kutabasamu hajui. Mwaka jana kwenye mashindano tulinyimwa alama za mpangilio kwa sababu safu ya nyuma ilikuwa na pengo, tukaonekana kama mdomo wa mtoto anayeng'oka meno. Mutie ameapa kwamba Novemba hii safu zote zitakuwa sawa, mtu kwa mtu. Nasi tuko arobaini na watatu.

Kila Jumamosi anatupanga pale ukumbini. Akitupanga wanne wanne, watatu wanabaki. Watano watano, watatu. Sita sita, mmoja. Saba saba, mmoja. Na huyo mmoja ni mimi kila mara, kwa sababu nasimama mwisho karibu na ukuta ili niuegemee. Anaanza kuhesabu upande wa sauti ya kwanza, akifika kwangu safu zimejaa. Nabaki nimeshika kitabu changu cha nyimbo, wenzangu wote wananiangalia kwa huruma ambayo sikuiomba. Jumamosi iliyopita Mutie akasema, "Mama, kama hii haitoki, itabidi mmoja wenu apumzike." Hakutaja jina. Hakuwa na haja.

Unaijua desturi yetu. Mwanakwaya akifa angali kwenye safu, kwaya nzima huvaa sare na kumwimbia kutoka mochari mpaka basi la kwenda nyumbani liondoke. Aliyetoka kwenye safu hapati hilo, hata kama aliimba tangu ujana. Mama Wasike walimpumzisha kwa sababu ya miguu, na alipokufa mwaka juzi walimwekea kaseti. Kaseti yenyewe ikakwama katikati ya ubeti, kijana mmoja akawa anaigonga redio kwa kiganja huku jeneza liko pale. Mimi nilisimama hapo nikaona. Kweyu, sitaki kaseti.

Nitafutie safu. Lazima iko namba moja ambayo tutagawanyika nayo bila mtu kubaki, ila Mutie hajaiona, au hataki kuiona kwa sababu ya uzee wangu.

Ni mimi senge wako,
Nabalayo


Garissa
29 Machi 1997

Senge wangu,

Barua yako imenikuta nimekaa nyuma ya darasa nikisubiri jua lipungue. Kidato cha kwanza wako sabini na mmoja, chaki zimeisha tangu juzi, na mimi sauti imeniisha. Lakini swali lako limeniamsha kidogo, kwa hiyo nitakujibu kama mtu aliyelipwa.

Safu hiyo haipo, Senge. Mutie hajaificha. Hata akija malaika kuwapanga, atashindwa.

Ziko namba ambazo hazikubali kugawanywa sawasawa na namba yoyote isipokuwa moja na zenyewe. Shuleni tunaziita praim. Vitabu vya Kiswahili vinaziita namba tasa, jina ambalo sikulichagua mimi. Mbili ni tasa, tatu, tano, saba, kumi na moja, na kuendelea. Arobaini na tatu ni mojawapo. Mnaweza kusimama safu moja ya watu arobaini na watatu, au safu arobaini na tatu za mtu mmoja mmoja. Njia ya tatu haipo.

Utaniuliza najuaje bila kujaribu kila namba. Mwanafunzi wangu Qali aliniuliza hivyo hivyo, naye ndiye pekee aliyekuwa macho saa hiyo. Chukua maharage arobaini na matatu uyapange mezani. Jaribu mawili mawili, moja litabaki. Kwa hiyo usijisumbue na manne manne wala sita sita, kwa sababu kama yangekubali manne, yangekuwa yamekubali mawili kwanza. Jaribu matatu matatu, moja linabaki. Jaribu matano matano, matatu yanabaki. Hapo simama. Saba mara saba ni arobaini na tisa, umeshapita, kwa hiyo namba yoyote kubwa ambayo ingeingia ingekuwa na mwenzake mdogo ambaye tayari umemjaribu akakataa.

Kwa hiyo, Senge, si wewe. Akianza kuhesabu kutoka kwako, atabaki mwingine. Lazima abaki mtu. Usimchukie Mutie kwa kosa la namba.

Nitakuja Agosti shule zikifungwa. Kunywa maziwa.

Mwanao,
Kweyu


Kaloleni
20 Aprili 1997

Mwanangu Kweyu,

Nilipanga maharage. Mwongeli, jirani yangu mpya, karani wa kwaya, alinikuta nayo mezani akadhani nachagua mawe. Nikamfundisha, naye akashika upesi kuliko mimi. Tulikaa hapo mpaka chai ikapoa.

Unajua nilivyojisikia? Nilijisikia kama mtu aliyeambiwa hana kesi. Wiki zote hizo nililala nikidhani nimewachosha, kwamba hata namba zinanikataa. Kumbe ni tabia ya hiyo namba. Ila jina ulilonipa silitaki. Aliyelitunga hakuwa na adabu. Mimi na Mwongeli tunaziita namba shingo ngumu, na kwaya nzima sasa inaziita hivyo.

Nikamweleza Mutie. Alisikiliza vizuri, kisha akasema, "Sawa Mama, nimeelewa. Basi lazima tuongeze ama tupunguze." Ndipo nikaona kwamba nimeshinda hoja na bado niko nje ya safu. Kupunguza ni rahisi: mmoja akitoka wanabaki arobaini na wawili, safu sita za watu saba, na jukwaa linawatosha. Kuongeza kunataka mtu atafutwe.

Nikatafuta. Nimemleta Apondi anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, karibu na ukumbi. Anaimba kama anayemwita mtu ng'ambo ya uwanja, lakini anakuja kwa wakati. Sasa tuko arobaini na wanne na nilidhani nimemaliza. Wapi. Wanne wanne zinakuwa safu kumi na moja, tunaonekana foleni ya mafuta ya taa. Tukigeuza ziwe safu nne za watu kumi na mmoja, wa pembeni wanaanguka jukwaani, maana jukwaa halichukui zaidi ya tisa kwa upana. Mutie amesema atasubiri mpaka Julai. Isipotoka, Apondi atarudi kwa omena zake, na mmoja atapumzika pamoja naye. Apondi ameshanunua kitambaa cha sare.

Niambie tuwe wangapi. Usiniambie habari za malaika.

Senge wako,
Nabalayo


Garissa
11 Mei 1997

Senge,

Usitafute kwa kubahatisha, utachoka bure, na mchovu katika familia hii tayari ni mimi.

Ukitaka kuijua namba, ivunje mpaka mwisho. Unaifumua kama sweta kuukuu mpaka ufike kwenye nyuzi zisizofumuka tena. Nyuzi hizo ni zile shingo ngumu zenu. Sisi tunaziita vigawo tasa, nami nitakuachia lako.

Arobaini na nne ni mbili mara ishirini na mbili. Ishirini na mbili ni mbili mara kumi na moja. Kumi na moja haivunjiki. Kwa hiyo ndani ya arobaini na nne mna mbili, mbili, na kumi na moja. Hiyo kumi na moja ndiyo inayowaangusha jukwaani. Mjipange mtakavyo, itakuwa humo, kwa safu au kwa upana.

Sasa fumua arobaini na tano. Anza na tano mara tisa, halafu tisa ni tatu mara tatu. Au anza na tatu mara kumi na tano, halafu kumi na tano ni tatu mara tano. Umeona? Umepita njia mbili tofauti ukafika kwa watu walewale: tatu, tatu, tano. Hivyo ndivyo ilivyo kwa kila namba, na hicho ndicho kitu pekee kwenye kazi hii ambacho bado kinanifurahisha. Unaweza kuingia kwa mlango wowote, utawakuta wenyeji ni walewale.

Kwa hiyo tafuta mtu mmoja tu. Mkiwa arobaini na watano, safu tano za watu tisa, jukwaa linajaa barabara na hakuna wa kubaki. Ukivuka hapo unaharibu. Arobaini na sita ni mbili mara ishirini na tatu, na ishirini na tatu ni shingo ngumu. Arobaini na saba ndiyo usiiguse.

Unakohoa? Mwongeli ameandika kitu pembeni ya bahasha yako kuhusu kifua.

Mwanao,
Kweyu


Kaloleni
13 Julai 1997

Kweyu mwanangu,

Tumepata wa arobaini na tano. Anaitwa Ndete, msichana wa Pipeline kule Embakasi, anafanya kibarua kiwanda cha sabuni. Nilimsikia akiimba dirishani nilipokwenda kumwona binti wa Mwongeli, nikapanda ngazi za ghorofa tano na goti langu hili. Akaniambia, "Mathee, mimi nikitoka job nimekufa, naimba saa ngapi?" Nikamwambia hata mimi nimekufa na naimba. Akacheka, akaja.

Jana Mutie alitupanga. Tisa, tisa, tisa, tisa, akafika safu ya mwisho, akahesabu saba, nane, akaninyooshea kidole mimi nimeegemea ukuta wangu, akasema tisa. Halafu akatafuta mwingine kwa macho, kwa mazoea. Hakukuwa na mtu. Alisimama hapo kama mtu aliyepapasa mfuko akakuta pesa alizosahau. Na unajua alifanya nini? Alitabasamu. Meno yake ni mazuri, sijui kwa nini anayaficha.

Niko ndani, mwanangu. Karatasi ya mashindano imeandikwa arobaini na watano na jina langu limo. Nimefurahi mpaka nimechoka.

Kuhusu kifua, ni baridi ya Julai tu. Mwongeli anapenda kuandika pembeni za vitu. Nilikwenda zahanati wakanipeleka hospitali kubwa, wakapiga picha, wakanipa vidonge. Tutaongea ukija Agosti.

Senge wako,
Nabalayo


Garissa
24 Agosti 1997

Senge,

Sikuja. Umeshaona. Mwalimu mkuu ametaka tuwafundishe kidato cha nne wakati wa likizo, na sikuwa na nguvu ya kubishana. Nitakuja Krismasi, hilo usilitilie shaka.

Nimewaambia wanafunzi habari za kwaya yenu. Roble, ambaye hajawahi kunijibu swali hata moja, alisimama akazifumua namba zenu zote mpaka hamsini bila kuandika. Akaniuliza kama yule bibi alipata nafasi. Nikamwambia alipata, na darasa zima likapiga makofi. Kwa hiyo una watu huku usiowajua.

Sasa mko arobaini na watano. Hapo hapo. Usiongeze mtu hata akiimba vipi.

Picha ya kifua ilisemaje? Hukuniambia.

Kweyu


Kaloleni
28 Septemba 1997

Mwanangu Kweyu,

Barua hii itakuwa fupi, mkono unachoka.

Nimemleta mtu mwingine. Anaitwa Nthoki, ni mshonaji wa Umoja, anaimba sauti ya pili kama mimi. Kila jioni anakuja hapa nyumbani namfundisha nyimbo, mmoja mmoja, na mahali pa kuvuta pumzi, kwa maana safu ya nyuma ikivuta pumzi vibaya wote wanasikia. Ana sikio zuri. Anasimama kando yangu, na nikikaa yeye anaendelea.

Mutie amenikasirikia. Ameniambia, "Mama, wewe mwenyewe ndiye ulitufundisha, sasa unaharibu tena?" Nikamwambia aandike arobaini na sita kwenye daftari lake na asimwambie mtu apumzike mpaka Novemba ifike. Alinitazama sana. Kisha akaandika.

Ukipata ruhusa, njoo Novemba, usisubiri Krismasi. Najua una kazi. Nasema tu ukipata.

Maziwa nakunywa.

Senge wako,
Nabalayo


Garissa
19 Oktoba 1997

Senge,

Ndiyo kwanza tumerudi darasani baada ya mgomo. Tuliambiwa tumeshinda na tumerudi kwenye chaki zilezile. Mvua imeanza kwa fujo, watu wanasema barabara haitadumu, na kidato cha nne wako kwenye mtihani. Novemba haiwezekani. Nitakuja Krismasi kama nilivyosema.

Sasa niruhusu nikuambie kama mwalimu. Umekosea hesabu. Nilikuandikia waziwazi kwamba arobaini na sita ni mbili mara ishirini na tatu. Safu mbili za watu ishirini na watatu, jukwaa linalochukua tisa! Ulikuwa na arobaini na watano, nafasi yako umeipata kwa jasho, na sasa kwa kumwonea huruma mtu mwenye sauti nzuri umeirudisha kwaya yote pale pale ilipokuwa Machi. Mutie akipunguza mmoja, unadhani atamwanza nani? Mtu hodari au anayeegemea ukuta?

Hiki ndicho kinachonichosha kwenye kazi hii, Senge. Mtu anaelewa, anakuonyesha kabisa kwamba ameelewa, halafu ukigeuka anafanya kinyume. Nilidhani wewe umeelewa. Mwambie Nthoki asubiri mwakani. Mwambie wiki hii.

Usinikasirikie. Naandika nikiwa nimechoka.

Kweyu


Kaloleni
17 Novemba 1997

Mwalimu Kweyu,

Hatujawahi kuonana ila najua mwandiko wako vizuri. Mimi ni Mwongeli, jirani ya senge wako na karani wa kwaya. Sijui barua hii itakufikia lini. Tulikutangaza redioni kwenye matangazo ya vifo jioni tatu mfululizo, tukapiga simu posta ya Garissa, wakasema maji yamekata barabara na laini za shule hazishiki. Nasikitika unajua hivi kwa karatasi.

Senge wako alifariki tarehe sita mwezi huu, asubuhi, hospitalini. Ilikuwa mapafu. Alijua tangu Julai, ile picha ilionyesha. Alinikataza kukuandikia. Alisema umechoka tayari na huna mtu wa kukushika mkono huko, na kwamba ukija atakuambia mwenyewe mkiwa mmekaa.

Aliondoka Nairobi Jumamosi. Ndugu zenu walikuja na basi kutoka Bungoma. Kwaya ilivaa sare. Tulimwimbia kutoka mochari mpaka nje ya ukumbi, na pale ukumbini Mutie akatusimamisha vile vile kama kwa mashindano, safu tano za watu tisa. Nthoki alisimama pale ukutani. Nilimwona Mutie anahesabu kwa midomo, akafika mwisho, akarudia tena kutoka mwanzo, na mara hii hakubaki mtu. Halafu akashindwa kuinua mkono wa kuanzisha wimbo. Ni Apondi aliyeanzisha, kwa sauti yake ile, na kwa mara ya kwanza ilifaa.

Ungekuwepo ungesikia vizuri. Hapakuwa na kaseti.

Pole sana, mwanangu.

Mwongeli


Garissa
21 Desemba 1997

Mama Mwongeli,

Barua yako imefika leo na ndege ya msaada, pamoja na unga. Barabara bado ni ziwa. Nimeisoma nimesimama, na nimeshindwa kukaa tangu wakati huo.

Asante kwa kumwimbia. Sina neno kubwa kuliko hilo. Mtu aliyenilea tangu nikiwa wa darasa la pili amezikwa, na mimi nilikuwa huku nafundisha watoto kugawanya.

Nina swali moja na naomba unijibu bila kunionea huruma. Tarehe kumi na tisa Oktoba nilimwandikia barua mbaya. Nilimwambia amekosea hesabu. Nilimwambia hakuelewa. Je, ilimfikia? Kama haikumfikia, ichome bila kuifungua. Kama ilimfikia, niambie.

Nimekaa na karatasi nikaandika arobaini na sita, kisha nikatoa mmoja. Sijui kwa nini sikufanya hivyo Oktoba. Ni hesabu ya darasa la kwanza.

Kweyu


Kaloleni
11 Januari 1998

Mwalimu Kweyu,

Ilimfikia. Alikuwa bado nyumbani, ilikuwa siku chache kabla ya kulazwa. Macho yalikuwa yamechoka, kwa hiyo nilimsomea mimi. Nilipofika pale uliposema amekosea nilitaka kuruka sehemu hiyo, akanigundua, akasema, "Soma yote, huyo ni wangu." Nikasoma yote.

Alicheka, Kweyu. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika nikalazimika kumwinua. Kisha akanieleza, kwa kuwa hata mimi nilikuwa sijaelewa. Alisema akiondoka kwenye arobaini na tano, watabaki arobaini na wanne, na ndani ya arobaini na nne mna ile kumi na moja inayowaangusha watu jukwaani. Mutie angelazimika kuwapumzisha wawili, na wawili hao wangekuwa Apondi na Ndete, kwa sababu ndio wageni. Alisema, "Niliwatoa kwenye omena na sabuni nikawavalisha sare. Siwezi kufa nikawaacha nje ya safu." Ndiyo sababu ya Nthoki.

Nikamuuliza kama nikuandikie kwamba hukumwelewa. Akakataa. Akasema, "Amenifundisha vizuri. Hesabu yake ni sawa kabisa, ila amenihesabu na mimi."

Kisha akaniomba nigeuze mto, akalala.

Kwenye mashindano tulikuwa wa tatu. Alama za mpangilio tulipata zote. Apondi na Ndete wanakusalimu. Shati zako za utotoni ziko kwangu kwenye sanduku, pamoja na kopo la maharage yale. Yapo arobaini na matano. Njoo uyachukue barabara ikikauka.

Mwongeli